Kigari cha Okelo na Barabara ya Pap Onditi

Siku niliyorudisha funguo za gari la shule, walimu wenzangu vijana walinipa keki, saa ya ukutani na ombi. Keki iliisha siku hiyo hiyo. Saa imeshaanza kuchelewa. Ombi ndilo limebaki: niwaandikie niliyoyaona katika miaka yangu ya kufundisha watu kuendesha magari hapa Kisumu. Sitawaeleza jinsi nilivyopanda cheo. Katika kazi yetu cheo ni kimoja tu, kiti cha kushoto, na ukishakikalia huna pengine pa kupanda.

Nilifika Kisumu mwanzoni mwa miaka ya themanini kutoka Murang'a, nikimfuata kaka yangu aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko la Kibuye. Dholuo sikujua hata salamu. Kiswahili changu kilikuwa cha kwetu. Mimi nilisema "rara" nikitaka kusema "lala", wenyeji nao wakasema "sati" wakitaka kusema "shati", na kwa namna hiyo tukaelewana bila mtu kumcheka mwenzake zaidi ya alivyostahili.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ramadhani, Mnubi wa Kibos, mtu aliyekuwa ameendesha greda za barabara ujana wake wote. Shule yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kituo cha petroli. Ndani mlikuwa na meza kubwa iliyochorwa barabara za mji kwa rangi nyeupe, na juu yake vigari vya kuchezea ambavyo nusu yake havikuwa na magurudumu. Nje palisimama gari la kweli, moja tu, kigari cha Kiingereza cha kabla ya uhuru, chenye taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuka na boneti iliyoinuka kama kifua cha njiwa. Upande wa kushoto Mzee alikuwa ameunganisha pedali ya pili ya breki kwa kipande cha chuma alichokichomelea mwenyewe.

Siku yangu ya kwanza hakunipa mwanafunzi. Alikaa yeye kwenye usukani, akaendesha kama mjinga makusudi kutoka kituoni hadi gatini, na kazi yangu ikawa kukanyaga ile breki. Nilikanyaga kila mahali. Alipopepesuka kidogo tu, nikakanyaga. Akasimamisha gari, akazima injini.

"Wewe kijana, ukikanyaga kabla mtu hajaogopa, hatajifunza kitu. Ukikanyaga baada ya kuogopa, mmekufa. Hapo katikati kuna mahali. Patafute."

Nilipatafuta kwa miaka mingi. Nadhani nilipapata, ingawa mguu wangu wa kulia hadi leo hukanyaga sakafu nikiwa abiria, na mke wangu ameshazoea.

Mzee Ramadhani ndiye aliyenionyesha pia kazi ya kiberiti. Mpeleke mwanafunzi kwenye barabara inayopanda kutoka gatini kwenda mjini, asimamishe gari katikati ya mwinuko, kisha weka kibweta cha kiberiti nyuma ya gurudumu. Akiondoka na kiberiti kikabaki kizima, amejua klachi. Kikipondeka, anunue kingine. Wapo walioninunulia viberiti vya kutosha jiko la mwaka mzima. Nilimfundisha mhubiri mmoja ambaye kila njia panda alifumba macho kuomba. Nilimwambia Mungu anaona, lakini lori la samaki halioni. Alifaulu mtihani mara ya nne, na mpaka leo huwa nageuza njia nikiona gari lake.

Watu walikipenda kile kigari cha Kiingereza kuliko walivyotupenda sisi. Wazee waliosimama kando ya barabara walikisalimu. Lakini vipuri vyake viliadimika, kimoja baada ya kingine, na mwishowe Mzee akamwachia jirani yake wa Kibos, aliyeking'oa viti na kufugia kuku ndani. Mzee alikwenda kukitazama mara moja. Hakwenda tena. Hakuchukua muda mrefu naye akastaafu, na mvua za mwaka uliofuata tukamzika. Shule ikanunua pikapu ya kawaida, nyeupe, isiyosalimiwa na mtu, nami nikawa mwalimu mkubwa kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Haya yote ni utangulizi wa yule mwanafunzi niliyetaka kuwaeleza habari zake.

Katikati ya miaka ya tisini serikali ilikuwa imeshalegeza masharti ya kuingiza magari yaliyotumika, na kila wiki mji ulikuwa ukipata sura mpya za magari kutoka Japani. Nyingi zilifanana: ndefu, nyeupe, na kibandiko cha maandishi ya Kijapani kwenye kioo ambacho mwenye gari alikataa kukibandua. Asubuhi moja nikiwa nje ya shule nasafisha pikapu, kikaingia kigari ambacho kilinifanya niangushe kitambaa. Taa za mviringo. Bawaba za milango ziko nje, zinaonekana. Madirisha ya mbele yanafunguka kwa kuinuliwa juu kama ya kibanda cha duka. Paa ni la turubai, linakunjwa mpaka nyuma. Rangi yake ilikuwa ya jani la mkaratusi lililokauka. Kwa sekunde kadhaa niliamini kabisa kwamba Mzee Ramadhani amefufuka na kuku wamehamishwa.

Aliyeshuka alikuwa Bwana Okelo, fundi wa injini za meli ziwani, mtu mrefu mwembamba niliyemjua kwa sura, maana wakati huo Kisumu wote tulijuana kwa sura. Aliniacha nikizunguke kigari chake. Nilipofungua boneti niliona injini ndogo safi ya kisasa, ya aina ile ile iliyomo katika magari madogo ya kawaida.

"Nilitumwa Mombasa kuchukua vipuri vya meli," alisema. "Nikaona hii imesimama katikati ya zingine. Nikasema, ala, gari ya daktari wa misheni, ile ya utoto wangu, imefika namna gani hapa? Kumbe ni mpya."

Akanieleza habari za kigari hicho, na alizieleza vizuri kwa kuwa alipenda kuujua mwanzo wa kila chombo. Mwishoni mwa miaka ya themanini kampuni moja ya Japani ilichukua gari lake dogo la kila siku, ikalivua bati, ikalivisha sura ya magari ya zamani ya Ulaya. Ilitangaza kwamba itapokea maagizo kwa miezi michache tu, kisha basi. Watu wakagombania. Ikatimiza ahadi, ikaacha kuyatengeneza. Baadaye nilimuuliza kijana wa Kijapani aliyekuwa akifundisha umeme katika chuo kimoja cha ufundi hapa mjini, naye alipokiona kigari kile alivua kofia akacheka. "Mama yangu alitaka hii," alisema. "Alikosa."

"Unajua kitu inanishangaza?" Okelo aliniuliza siku ile ya kwanza. "Wametengeneza gari ya kukumbuka gari ambayo si ya kwao. Na mimi mtu wa Nyakach naikumbuka. Si ya kwetu pia. Lakini nikiiona nakuwa mtoto, nasimama kando ya barabara na miguu ya vumbi."

Nilimuuliza nimsaidie nini. Alifunga boneti kwa mikono miwili, taratibu.

"Nataka umfundishe mke wangu. Kwa hii, si kwa pikapu yako. Daktari amesema koo yangu imeota kitu. Sauti itaenda kwanza, halafu hiyo ingine yote." Alisema hivyo kama anayenieleza hitilafu ya pampu. "Siku ya kwenda nyumbani Pap Onditi sitaki kubebwa nyuma ya pikapu ya mtu kama gunia ya mahindi. Nataka kwenda nikiwa nimekaa, na Nyar Alego akiwa kwa stering."

Nyar Alego maana yake binti wa Alego, kwa sababu huko ndiko alikozaliwa mkewe. Sisi wengine tulimwita Mama Akoth, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alikuwa mpishi katika shule moja ya wasichana, mama wa makamo mwenye mikono yenye nguvu na maneno machache. Alikuja siku ya pili akiwa amevaa viatu vya kanisani.

"Mwalimu," alisema kabla hajaingia garini, "mimi nilitaka hii gari iuzwe. Nilimwambia. Hakusikia. Kwa hivyo nifundishe haraka, nirudi kwa mgonjwa wangu."

Nawaambia wazi, ninyi mnaofundisha leo: kigari kile hakikuwa na breki ya pili. Nilikaa kushoto mkono wangu wa kulia ukiwa juu ya breki ya mkono kama mtu aliyeshika shingo ya kuku. Tulianzia uwanja wa maonyesho ya kilimo kule Mamboleo, ambao nje ya wiki ya maonyesho ulikuwa mali ya ng'ombe na yetu sisi. Okelo alikaa kiti cha nyuma, amejikunja, skafu shingoni juani.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mama Akoth alikuwa akiachia klachi kwa ghafla na gari likaruka, likazima. Akawasha, likaruka, likazima. Ng'ombe walihama upande mwingine.

"Inaruka kama mbuzi! Inanikataa hii kitu!"

"Haikukatai, mama. Mguu wa kushoto utoe polepole. Ukisikia gari linatetemeka, ungoje hapo hapo."

"Nitangoja mpaka lini?"

"Mpaka litake kwenda lenyewe," akasema Okelo kutoka nyuma. Wakati huo bado alikuwa na sauti, ya kukwaruza. "Usilisukume. Lisikilize."

Alichukua wiki ya kwanza yote kujua kungoja. Sikumwona akitabasamu hata alipofaulu. Alikuwa anajifunza kitu ambacho siku ya kukitumia ndiyo siku aliyoiogopa kuliko zote. Niligundua jambo hilo nikiwa nimechelewa kidogo, baada ya kumpigia makofi siku aliyoingiza gia ya tatu bila kelele. Alinitazama tu. Sikumpigia makofi tena.

Tulipoingia mjini, shida ilianza kwenye raundabauti kubwa. Alizima gari katikati kabisa, saa ambayo magari yote ya Kisumu yana haraka. Akajaribu kuwasha, likazima tena. Akaondoa mikono kwenye usukani, akafunika uso, akalia. Haikuwa klachi iliyomliza, kila mtu garini alijua hivyo. Nyuma yetu palikuwa na basi na lori la mchanga, nami nikajiandaa kwa honi na matusi.

Hayakuja. Dereva wa basi alitoa kichwa dirishani, akaangalia, akatabasamu. Mtu wa mkokoteni akauweka chini mzigo wake, akasimama mbele ya magari na kunyoosha mkono kama polisi. Mama mmoja mzee aliyekuwa akivuka na kikapu cha dagaa wa omena alikuja mpaka mbele, akaipapasa taa moja kama mtu anavyompapasa ndama.

"Ma gari machon," alisema. Gari la zamani hili. Kisha akainama dirishani, akamwona Mama Akoth analia, akamwambia kitu kwa Dholuo kwa sauti ndogo, akaenda zake. Sikuelewa alichosema, na sikuuliza. Mama Akoth alifuta uso kwa leso, akawasha, akangoja litetemeke, akaondoka.

"Umeona?" Okelo akaniambia tulipofika mahali salama. "Hii sura inaomba msamaha kabla dereva hajakosea."

Huo ndio ufafanuzi bora niliowahi kuusikia kuhusu kigari kile. Nimeona magari ya nguvu, na magari ya fahari ambayo watu huyapisha kwa woga. Hilo lilipishwa kwa sababu halikumtisha mtu. Miaka ile wengi wetu tulikuwa tukienda mazishini kila Jumamosi, na kitu kilichomfanya mtu atabasamu barabarani hakikuwa kitu kidogo. Askari wa kizuizi walikisimamisha ili tu wachungulie ndani. Watoto wa Manyatta walikikimbilia wakishangilia, kisha wakimwona mgonjwa amelala nyuma wananyamaza.

Kadiri wiki zilivyokwenda ndivyo Okelo alivyopungua. Akaacha ugali, akabaki na uji. Majirani walinong'ona jina la ugonjwa mwingine, kama walivyonong'ona juu ya kila mtu aliyekonda wakati ule, na mkewe hakujisumbua kuwasahihisha. Sauti ikaenda, kama alivyosema. Masomo ya mwisho alikuwa anakaa nyuma kimya, anatazama mabega ya mkewe.

Ndipo akaja ndugu yake mdogo, Ouma. Alikuwa dereva wa trela la miwa, mtu mnene wa sauti ya kujaza uwanja, na alinikuta nje ya nyumba yao nikimngoja Mama Akoth.

"Wewe ndiye Mwalimu Maina? Mimi ni Ouma. Nimeendesha trela kabla huyu shemeji hajajua gari inawekwa mafuta wapi. Ndugu yangu akitaka kwenda nyumbani, nitampeleka mimi. Mwambie aache hii mchezo."

"Mwambie wewe," nikamjibu. "Yuko ndani."

Aliingia. Alikaa muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, naye alinipita, akasimama kando ya kigari akakitazama, mkono umeegemezwa juu ya paa la turubai. Baadaye Mama Akoth aliniambia kilichotokea. Ouma alisema yote aliyotaka kusema: kwamba wazee wa nyumbani watauliza gari ni la nani, kwamba mwanamke hawezi kuendesha mgonjwa kwenye matope ya Nyakach, kwamba yeye ni mdogo wake wa damu na anataka kumfanyia kitu kabla hajaondoka. Okelo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono, akanyoosha kidole chake kwa mkewe, akakiweka kifuani mwake mwenyewe. Hakuwa na njia nyingine ya kusema.

Mtihani wa kwanza Mama Akoth alianguka. Alizima gari kwenye mwinuko, mbele ya mkaguzi wa polisi. Mkaguzi alikuwa mtu wa haki; angekuwa na huruma zaidi angempa asichostahili, na barabara ingemdai. Tulirudi gatini na kiberiti changu. Siku hiyo nilimwambia, "Mama, hebu tupumzike mpaka wiki ijayo."

"Hakuna wiki ijayo, Mwalimu," alinijibu. "Weka kiberiti."

Nikaweka. Alipanda ule mwinuko mpaka mimi ndiye niliyechoka. Alipofanya mtihani wa pili, mkaguzi alishuka akanipa mkono mimi badala yake, kosa ambalo nililirekebisha hapo hapo kwa kumwonyesha aliyestahili.

Siku tatu baadaye Mama Akoth aliniletea habari kwamba daktari amemruhusu mgonjwa aende nyumbani. Sote tulijua maana ya ruhusa ya namna hiyo. Akaniomba niende nao. "Si kwa kunifundisha," alisema. "Ukae tu."

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi tulimweka Okelo kiti cha mbele, tukakilaza nyuma kidogo, tukamfunika blanketi mpaka kifuani. Ouma naye alikuja, hakualikwa wala hakufukuzwa, akajiingiza kiti cha nyuma kando yangu. Magoti yake yalifika kidevuni. Alinyoosha mikono mbele akakishika kichwa cha ndugu yake pande zote mbili ili kisiyumbe, na hakukiachia mpaka tulipofika.

Nilikuwa nimefundisha zaidi ya miaka kumi na sikuwa nimewahi kukaa nyuma ya mwanafunzi wangu. Hakuna breki ya mkono, hakuna usukani wa kunyakua. Mikono sikujua niiweke wapi.

Mpaka Ahero barabara ilikuwa ya lami na alikwenda vizuri, mashamba ya mpunga yakimeremeta pande zote. Katito tukaiacha lami. Mbele, udongo mweusi wa Nyakach ulikuwa umekunywa mvua ya usiku kucha, na mahali pa bonde palikuwa na lori limelala ubavu mtaroni, watu wamelizunguka. Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba, laini kama uji.

Mama Akoth alisimamisha gari.

"Nyar Alego," Ouma akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Tafadhali. Hapa ni mahali pangu. Toka nishike."

Okelo alitoa mkono chini ya blanketi. Hakuuinua juu. Aliuweka tu juu ya mkono wa mkewe uliokuwa kwenye gia, ukakaa hapo.

Mama Akoth hakunigeukia. Nilijua majibu yote na hakuna aliyeniuliza. Aliingiza gia ya pili, chini ya ule mkono wa mumewe. Akangoja gari litetemeke. Akaenda, polepole, bila kuongeza moto wa injini na bila kuupunguza. Katikati mkia wa gari ulianza kuteleza kuelekea mtaroni na mguu wangu ukakanyaga sakafu mpaka goti likauma. Yeye hakugusa breki. Alifuata mtelezo kwa usukani, kidogo tu, kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Magurudumu yakashika. Tukatoka upande wa pili, na watu wa lori wakapiga mbinja.

Nilisikia Ouma akipumua.

Tulipofika soko la Pap Onditi, Okelo aligusa paa kwa kidole. Mkewe akasimama, akashuka, akalikunja lile turubai mpaka nyuma. Mawingu yalikuwa yamepasuka na mwanga ukamwingia usoni. Watu wakaanza kuja, kwanza kwa sababu ya gari, kisha wakamtambua. Waliinua yale madirisha ya mbele wakampa mikono: wauza kuku, fundi cherehani, mzee aliyesoma naye. Hakuweza kuwajibu kwa sauti. Aliwapa mkono kila mmoja, akiwa amekaa. Aliingia kwao akiwa amekaa, na kutoka garini mpaka mlangoni alitembea, Ouma akimshika kwapani.

Hakumaliza mwezi.

Nilikwenda mazishini na pikapu ya shule, nimebeba viti vya kanisa. Baada ya kaburi kufunikwa na wageni kula, wazee wa ukoo walikaa kivulini mwa hema wakazungumza mambo ya boma. Nilikuwa karibu, nikikusanya viti, na kijana mmoja alinitafsiria baadhi ya maneno. Mengine yalisemwa kwa Kiswahili kwa heshima ya wageni. Walifika kwenye gari. Mzee mmoja akasema gari ni la ukoo, na kwa kuwa Ouma ni dereva, lisimame kwake.

Ouma alisimama. Mama Akoth alikuwa ameketi chini na wanawake wengine, amefunga kitambaa cheusi, hakuinua kichwa.

"Wazee, ni kweli mimi ni dereva," Ouma alisema. "Mnanijua. Sasa niwaambie. Siku ile tunamleta ndugu yangu, barabara iliharibika. Niliomba stering. Nikanyimwa. Nikakaa nyuma, nikaangalia. Mimi ningeongeza moto, kwa sababu hivyo ndivyo trela inatoka. Ningetuzamisha, na ndugu yangu angelala kwa matope. Huyu mama alimfikisha hapa akiwa amekaa kama mtu. Gari iko na dereva. Mimi sina neno ingine."

Akakaa. Mzee aliyelidai gari aliitikia kwa kichwa mara mbili, akageukia habari ya ng'ombe. Mama Akoth bado hakuinua kichwa, lakini niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Sikumwona tena mpaka shule zilipofunguliwa. Asubuhi moja nilikuwa kando ya ile raundabauti kubwa na mwanafunzi mpya, kijana wa benki aliyekuwa na haraka ya kujua kila kitu. Kigari cha rangi ya mkaratusi kikaja kutoka upande wa Kondele, turubai limefungwa, magunia ya kabeji yamejaa kiti cha nyuma. Kilisubiri zamu yake, kikaingia, kikazunguka. Niliinua mkono kumpungia Mama Akoth.

Hakuniona. Alikuwa anaangalia kioo cha pembeni.